Sola ya plastiki: chaji inapogota kizingitini

Usiku wa giza ndio usiku wa kazi katika Ziwa Mweru. Kutoka mwambao wa Nchelenge, Kafutuma na Kashikishi, wavuvi huingia majini na taa ili mwanga uwavute chisense, dagaa wadogo wa ziwa hilo, hadi penye wavu. Kazi iliyozoeleka kufanywa na karabai sasa inaweza kufanywa na taa ya betri iliyochajiwa mchana kwa paneli ya sola.

Paneli hiyo ni ya silikoni: kioo kigumu na fremu ya alumini. Kwa zaidi ya miaka 30 wanasayansi wameahidi nyingine, ya plastiki, nyepesi na yenye kukunjika, inayochapishwa kwa mashine mithili ya gazeti. Ahadi hiyo si ndoto. Kinachoichelewesha ni namna chaji ya umeme inavyovuka mpaka kati ya metali na plastiki, na namna inavyosafiri ndani ya plastiki yenyewe.

Plastiki ya kawaida huzuia umeme, ndiyo sababu nyaya hufunikwa kwayo. Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba poliasetilini iliyotiwa ayodini hupitisha umeme vizuri. Ugunduzi huo uliwapatia Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2000. Siri imo katika mnyororo wa kaboni ambao vifungo vyake hupishana, kimoja cha kawaida na kingine maradufu. Katika mpangilio huo elektroni hazifungwi mahali pamoja, bali hutanda juu ya mnyororo.

Lakini kwanza chaji sharti iingie. Kila metali hushikilia elektroni zake katika kiwango fulani cha nishati, na polima nayo ina viwango vyake. Visipolingana, chaji hukuta kizingiti. Tatizo hilo lilijitokeza Cambridge, Uingereza, ambako mwaka 1990 Jeremy Burroughes, Richard Friend, Andrew Holmes na wenzao walitangaza kwamba utando mwembamba wa polima iitwayo PPV umetoa mwanga wa kijani na manjano. Elektroni huingizwa upande mmoja. Upande wa pili huingizwa matundu, yaani nafasi zilizopungukiwa elektroni, ambazo hutenda kama chaji chanya. Vikikutana, mwanga huzaliwa. Upande mmoja ukizuiwa na kizingiti, matundu huvuka bila kukutana na wenzi wao, na umeme huishia kuwa joto.

Dawa mojawapo ni kutumia metali inayoachia elektroni kwa urahisi, kama kalsiamu. Bahati mbaya, kalsiamu huharibika upesi ikiguswa na hewa na unyevu, na mwambao wa ziwa hauna uhaba wa unyevu.

Katika sola safari hugeuzwa: mwanga huzaa elektroni na tundu, navyo hutenganishwa na kutolewa nje kabla havijarudiana. Hapo ndipo mwendo unapokuwa na uzito. Ndani ya silikoni atomi zimepangwa kwa utaratibu, na chaji huteleza. Ndani ya polima minyororo imesokotana kama nyavu zilizorundikwa ufukweni; chaji hukimbia kidogo juu ya mmoja, kisha hulazimika kuruka hadi mwingine. Kasi yake huwa ndogo mara maelfu, pengine mamilioni. Kwa hiyo tabaka la polima hufanywa jembamba mno, kwa kawaida nanometa mia chache, na wembamba huo hupunguza mwanga unaonaswa.

Joto, kwa upande wake, huisaidia chaji kuruka, ilhali paneli ya silikoni hupungukiwa nguvu inapochemka. Faida hiyo isimpumbaze mnunuzi: oksijeni, maji na miale ya jua huidhuru polima na kuacha mitego inayonasa chaji.

Mwaka 2010 kundi la Frederik Krebs nchini Denmark lilieleza taa iliyochapishwa kwa njia hii, ikikusudiwa kwa mpango wa Lighting Africa wa kuipatia Afrika mwanga. Ilikuwa na ukubwa wa sentimita 22.5 kwa 30.5 na uzito wa gramu 50 tu, pamoja na betri yake. Mtumiaji aliikunja kuwa mviringo na kubana vifungo, nayo ikawaka.

Tangu hapo seli ndogo za maabara zimefikia kugeuza takriban asilimia 20 ya mwanga kuwa umeme, na Chuo Kikuu cha Addis Ababa ni miongoni mwa vyuo vya Afrika vilivyoshiriki utafiti wa polima hizo. Hata hivyo asilimia za maabara hazimsaidii sana mvuvi. Swali lake kwa muuzaji yeyote wa sola ya plastiki ni la miaka: paneli za silikoni aghalabu huuzwa na dhamana ya nguvu ya miaka 20 hadi 25, na utando uliochapishwa hudumu tu kadiri kifuniko chake kinavyozuia hewa na maji.