Ziwa Edouard: Mapatano ya Watu, Samaki na Kiboko

Siku hizi mikutano mingi inazungumza juu ya ushirika kati ya serikali na watu binafsi kwa kulinda samaki. Wanaleta neno hilo kama jambo jipya. Lakini sisi watu wa Kivu ya Kaskazini tunalijua tangu zamani ya Wabelgiji, na ziwa Edouard ndilo shahidi.

Parki Albert, inayoitwa leo Virunga, ilianzishwa mwaka 1925. Mwaka 1935 ilipanuliwa, ikakamata na maji ya ziwa upande wa Kongo. Ugonjwa wa malale ulikuwa umekwisha kuhamisha watu wengi kandokando ya ziwa. Walipotaka kurudi, walikuta udongo wa wazee wao umekuwa wa nyama. Manunguniko yakawa mengi. Ndipo mwaka 1949 ikaundwa COPILE, koperative ya wavuvi wenyeji wa ziwa Edouard. Wenyeji wa Rutshuru, Lubero na Beni walipewa kuvua, iwe kama malipo ya udongo waliopoteza. Kiisha uhuru, koperative hiyo ikaitwa COPEVI.

Mapatano yalikuwa wazi. Serikali iliweka sheria na kulinda, koperative ilivua na kuuza, machifu walisimama kwa ajili ya watu wao. Wavuvi waliruhusiwa kukaa mahali patatu tu: Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Mitumbwi ilihesabiwa, nyavu za matundu madogo zilikatazwa, na mazalio ya samaki yaliachwa. Kwa desturi yetu hayo si mageni. Mtu akipewa shamba kwetu, anajua kwamba sehemu ya mavuno itarudi kwa mwenye udongo.

Na kiboko je? Kuko watu wanauliza: kiboko na samaki biko na undugu gani? Undugu uko. Usiku kiboko anakula majani kwenye nchi kavu, mchana anarudi ndani ya maji na kuacha mavi yake humo. Mavi hayo ni mbolea. Yanakuza vimea vidogo vya majini, na tilapia anakula vimea hivyo. Katikati ya miaka ya 1970 Virunga ilikuwa na viboko karibu 29,000. Mwaka 2005 waliobaki hawakufika 1,000. Waliuawa kwa nyama na kwa meno. Anayeua kiboko leo anapunguza na sahani ya samaki ya mtoto wake kesho.

Ni nini kilivunja mapatano? Vita, ndiyo. Tangu miaka ya 1990 watu wenye silaha wa kila namna walipita ziwani, wengine wakitoza wavuvi, wengine wakiuza nyama. Mitumbwi ikazidi hesabu, nyavu mbaya zikaingia mpaka kwenye mazalio, vijiji visivyoruhusiwa vikaota pwani. Lakini vita si sababu pekee. Watu wengi wa vijiji vya jirani walikuwa wamekwisha kulalamika kwamba hawaoni sehemu yao. Na mtu asiyeona sehemu yake, kwa nini alinde mazalio? Sheria ilibaki kwenye karatasi, na mlinzi wa parki akaonekana kama adui wa tumbo.

Kwa hiyo hatusemi kwamba ushirika ni mbaya. Ule wa 1949 uliletwa na wakoloni, na ulikuwa malipo madogo kwa hasara kubwa. Hata hivyo ulikuwa na msingi mmoja mwema: anayelinda na anayekula walifungwa na mapatano mamoja. Watu wakiandika mapatano mengine, ya ziwa hili ao ya Tanganyika, tunaomba mambo mawili yaandikwe mbele ya yote: sehemu gani inarudi kwa wenye udongo, na ni nani anayeihesabu mbele ya watu wote. Bila hayo, tutakuwa na koperative, parki na mikutano, lakini samaki tutawatafuta sokoni ndani ya makopo ya mbali.