Kukomboa Shamba Kabla ya Muda

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Majahazi na merikebu za Sultani, Sayyid Barghash, zilizokuwa zimetia nanga bandarini zilivunjika, na mashambani mikarafuu iliyopandwa kwa miaka zaidi ya hamsini ililala chini. Inakadiriwa kuwa theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya kisiwa hicho ilipotea. Pemba, ng'ambo ya mkondo, ilinusurika kwa sehemu kubwa.

Kulipokucha, wenye mashamba walikwenda kuhesabu miti iliyobaki. Lakini palikuwa na hesabu nyingine ambayo upepo haukuigusa. Mashamba mengi ya Unguja wakati huo yalikuwa yamewekwa rehani, na hati zake zilikuwa zimekaa salama ndani ya masanduku ya wenye fedha mjini. Miti ilikuwa imeanguka, na muda ulioandikwa katika hati ukaendelea kwenda.

Ili kuelewa jambo hilo, ni lazima kurudi nyuma kidogo. Karafuu iliingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na jina la Saleh bin Haramil al-Abray ndilo linalotajwa zaidi kuwa la mtu aliyeileta kutoka visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Sayyid Said bin Sultan, aliyeuhamishia utawala wake Unguja kutoka Oman, aliisukuma kwa nguvu. Inasimuliwa kuwa aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Katika miaka ya 1830 bei ilikuwa tamu mno, na kila mwenye uwezo alikata msitu akapanda. Mkarafuu, hata hivyo, huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuzaa vya kutosha. Wengi walipanda wakati bei iko juu na wakaja kuvuna wakati imeporomoka, kwa sababu miti ya watu wote ilianza kuzaa kwa pamoja. Hapo kati, mwenye shamba alikuwa ameshakopa.

Aliyekopesha kwa kawaida alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi: Bhatia, Banyani, Khoja au Bohora. Nyumba kubwa kuliko zote ilikuwa ya Jairam Shivji, ambayo kwa miaka mingi ilikodi forodha ya Zanzibar kutoka kwa Sultani na kumkopesha Sultani mwenyewe. Baadaye Tharia Topan, Khoja aliyepanda kutoka hali ya chini, alikuja kushika nafasi hiyo. Chini ya nyumba hizo palikuwa na wenye maduka wadogo hadi vijijini, kila mmoja akimkopesha jirani yake na yeye mwenyewe akiwiwa na mkubwa wa mjini.

Namna ya kukopa ilikuwa ya ustadi, na ndiyo kiini cha habari hii. Sheria ya Kiislamu inakataza riba, na mwenye shamba Mwislamu hangeweza kuiandika waziwazi. Wakatumia bei ya khiyari, mkataba uliokuwa ukijulikana sana Oman na kujadiliwa na wanazuoni wa Kiibadhi. Mwenye shamba alimuuzia mkopeshaji shamba lake kwa fedha taslimu, lakini kwa sharti: katika muda fulani alikuwa na khiyari ya kurudisha fedha ileile na kulichukua tena shamba. Mkataba huo ulitofautishwa na bei kataa, yaani mauzo yaliyokatika, yasiyo na marejeo. Baada ya kuuza kwa khiyari, muuzaji hakuondoka. Alibaki palepale, akachuma karafuu zake, na kila mwaka akamlipa “mnunuzi” ijara kama mpangaji wa ardhi iliyokuwa yake. Ijara hiyo ndiyo iliyokuwa faida ya mkopeshaji.

Tuseme mtu alipokea riale 1,000 kwa muda wa miaka mitatu, kwa ijara ya riale 120 kila mwaka. Baada ya miaka mitatu angekuwa ametoa riale 360, na deni lingekuwa bado riale 1,000 kamili, kwa kuwa ijara haikuwa malipo ya bei. Lakini kama mwaka wa kwanza ulikuwa wa neema naye akairudisha fedha yote mwisho wa mwaka huo, ijara ingekoma hapo hapo, na riale 240 zingebaki nyumbani kwake. Khiyari ilimpa haki hiyo ya kukomboa kabla ya siku ya mwisho. Haki ilikuwapo katika maandishi tangu siku ya kwanza. Kilichokuwa adimu ni riale 1,000 kupatikana mkononi kwa mkupuo mmoja.

Hapa ndipo tabia ya mkarafuu inapoingia katika hesabu. Mti huu hauzai sawa kila mwaka. Hutoa mavuno makubwa mara moja katika miaka kadhaa, kisha hupumzika. Mwaka wa mavuno makubwa miti ya kila mtu huwa imejaa, bei hushuka, na wachumaji hutafutwa kwa shida. Mwaka wa mavuno madogo bei hupanda, lakini mwenye shamba ana frasila chache za kuuza. Ijara haikujua tofauti hiyo. Ilikuwa ileile katika mwaka wa shibe na wa njaa. Na karafuu haisubiri. Tumba likiwa tayari ni lazima lichumwe kabla ua halijafunguka, la sivyo thamani yake hupotea. Basi mkulima alihitaji fedha taslimu kuliko wakati mwingine wowote pale msimu ulipoanza, kabla hajauza hata pishi moja. Wakati huo huo ndio uliokuwa wa kwenda kukopa tena, na mara nyingi sharti la mkopo wa msimu lilikuwa kumuuzia mkopeshaji huyo huyo karafuu kwa bei iliyokwisha kukatwa.

Maafisa wa Kiingereza walioandika ripoti juu ya madeni haya walipenda kumlaumu Mwarabu na Mswahili kwa israfu: harusi kubwa, matanga, nguo na ukarimu usio na kipimo. Harusi zilikuwapo, na fedha za rehani zilitumika kwazo. Hata hivyo lawama hiyo inamwonea mkulima. Mtu ambaye mapato yake hupanda na kushuka namna hiyo, anayewiwa na mnunuzi wake na kumuuzia mwia wake, angekuwa na deni hata kama angekula mhogo na chumvi mwaka mzima.

Mkopeshaji naye alikuwa na sababu ya kutoharakisha. Wahindi wengi walihesabiwa kuwa raia wa Uingereza, na raia hao walikatazwa kumiliki watumwa. Mwaka 1860 Balozi wa Uingereza C. P. Rigby aliwaachia huru maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi Unguja. Tangu hapo shamba lililochukuliwa na Mhindi kwa deni lilikuwa miti isiyo na wachumaji, maana karibu kazi yote ya karafuu ilikuwa ikifanywa na watumwa. Ilikuwa nafuu kwake kumwacha mwenye shamba palepale, kumwongezea muda, kupokea ijara na kununua karafuu. Rehani nyingi ziliendelea kutoka kwa baba hadi kwa watoto. Na baba akifa, mirathi ililigawa shamba vipande vipande huku deni likibaki moja.

Baadhi ya familia zilikwepa mtego huo kwa kuziweka mali zao wakfu, kwa kuwa mali ya wakfu haiuzwi wala haiwekwi rehani.

Kimbunga cha 1872 kiliwaweka wadeni hawa katika mizani isiyo ya kawaida. Karafuu za dunia nzima zilipungua ghafla, na bei ikapanda. Mwenye shamba wa Pemba aliyekuwa na miti imesimama na deni mgongoni alikuwa na nafasi ambayo huenda asingeipata tena maishani: kuuza kwa bei ya juu, kurudisha fedha na kuifuta khiyari. Huko Unguja mambo yalikuwa kinyume. Aliyekuwa amekomboa shamba lake mwaka mmoja kabla alikuwa na ardhi iliyo huru na hana ijara ya kulipa, lakini fedha zake zilikuwa zimekwenda na miti imeanguka. Angepanda upya kwa fedha gani? Aliyekuwa bado na deni na ameficha riale chache nyumbani aliweza kununua miche, huku ijara ikimla kila mwaka kwa miti isiyozaa. Kusema yupi kati ya hao wawili alifanya busara si rahisi, na jibu hutegemea ni nani alikuwa na mahali pengine pa kupata chakula katika miaka saba ya kungoja. Linalojulikana ni kwamba Pemba ilichukua nafasi ya kwanza katika uzalishaji wa karafuu na haikuirudisha.

Mwaka uliofuata, 1873, Barghash alilazimishwa kutia sahihi mkataba wa kufunga biashara ya watumwa ya baharini. Mwaka 1897 ikaja amri iliyoondoa hadhi ya utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba. Amri hiyo iliwapa fidia wamiliki, na iliweka ulinzi fulani ili fidia isiingie moja kwa moja mikononi mwa wawia. Kwa watu waliokuwa watumwa mabadiliko haya yalikuwa makubwa kuliko hesabu yoyote ya shamba. Kwa daftari la mwenye shamba, yalimaanisha kuwa sasa karafuu nyingi zilichumwa kwa ujira. Mkopo wa msimu ukawa jambo la kila mwaka.

Serikali ya Waingereza ilianza kuingia moja kwa moja katika suala hili mwaka 1927, ilipoundwa Clove Growers' Association, chama kilichowakopesha wakulima ili wasiende kwa mwenye duka. Kisha ukaja mdororo wa uchumi wa dunia wa miaka ya 1930. Bei ya karafuu ilianguka, na Madagascar nayo ilikuwa inauza. Mashamba yaliyowekwa rehani katika miaka mizuri ya 1920 sasa yalikuwa na thamani ndogo kuliko deni lenyewe. Hapo hata mwenye nidhamu hakuweza kukomboa: angeuza shamba lote na bado angedaiwa.

Mwaka 1934 zilitoka sheria kadhaa kwa pamoja. Moja ilizuia ardhi ya Mwarabu au Mwafrika kuuzwa au kuwekwa rehani kwa mtu asiye wa makundi hayo bila idhini ya serikali. Nyingine ilisimamisha kwa muda utekelezaji wa madeni ya mashamba. Wahindi waliona wamelengwa wao. Serikali ya India ilimtuma K. P. S. Menon, aliyekuja baadaye kuwa Katibu Mkuu wa Mambo ya Nje wa India, kuchunguza, na ripoti yake ilizipinga sheria hizo. Mwaka 1937, Clove Growers' Association ilipopewa udhibiti wa ununuzi wa karafuu, Wahindi wa Zanzibar waliigomea biashara hiyo na Chama cha Congress huko India kikaunga mkono kwa kususia karafuu. Mgomo ulidumu hadi 1938, ulipomalizwa kwa mapatano.

Kwa mkulima mdogo wa Pemba kusimamishwa kwa madeni kulikuwa na pande mbili. Hakuna aliyeweza kumtoa shambani, na hiyo ilikuwa nafuu ya kweli. Lakini mwenye duka aliyejua kwamba hawezi kudai hakutaka tena kukopesha, na msimu ulipofika ujira wa wachumaji ulihitajika kama kawaida. Katikati ya hayo, Januari 1936, hata sarafu ilibadilika: rupia ikaondolewa na shilingi ya Afrika Mashariki ikaingia, rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Deni lililoandikwa kwa rupia ilibidi lihesabiwe upya, na tarakimu ikawa kubwa machoni hata kama thamani ilikuwa ileile. Mwaka 1938 ikatungwa sheria ya kusuluhisha madeni ya mashamba, ili kila deni lipimwe na kupangiwa malipo ambayo shamba lingeweza kuyabeba.

Baada ya Vita Kuu ya Pili bei ilipanda tena, hasa kwa sababu ya Indonesia, ambako karafuu huchanganywa na tumbaku katika sigara za kretek.

Habari ya bei ya khiyari ilikoma kwa namna ambayo hakuna hati iliyoitazamia. Mapinduzi ya Januari 1964 yaliuondoa utawala wa Sultani, na mwezi Machi mwaka huo ardhi yote ilitaifishwa. Mashamba makubwa yalikatwa na kugawiwa familia kwa eka tatu tatu. Aliyekuwa amelipa deni lake lote na aliyekuwa hajalipa hata senti walipoteza ardhi siku moja, na mkopeshaji akapoteza rehani yake. Waliopewa eka tatu walipata haki ya kulima na kuvuna, bila ruhusa ya kuiuza ardhi hiyo.

Karafuu sasa hununuliwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Kabla ya msimu, shirika hilo huwapa wakulima mikopo isiyo na riba kwa ajili ya kulipa wachumaji, na hukata fedha zake mkulima anapoleta karafuu kituoni. Huko Pemba, mwenye mikarafuu aliyebanwa na ada ya shule au ugonjwa nyumbani bado huweza kumkodisha mwingine miti yake, naye anayekodi huja na ngazi na vipolo vyake, huchuma, na kuondoka mavuno yakiisha.