Luol Deng: kutoka Wau hadi benchi la kocha Nairobi



Kwa kawaida historia ya kijarida hiki huwa ya shule, kanisa au barabara. Safari hii tunamwandika mtu ambaye si wa Iramba wala si Mtanzania. Tungeweza kumchukua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa pili NBA mwaka 2009, na bado tunajivunia. Lakini sisi tunaotunza vitabu vya chama tumevutiwa zaidi na Luol Deng wa Sudan Kusini, kwa sababu ya alichofanya baada ya kuacha kucheza.

Alizaliwa Wau mwaka 1985. Vita viliikimbiza familia yake hadi Misri, na huko Manute Bol, yule Mdinka mrefu aliyewahi kucheza NBA, akawafundisha kaka zake kikapu. Familia ikapata hifadhi Uingereza, ikakaa kusini mwa London. Akiwa na miaka 14 alivuka kwenda kusoma Marekani, akapitia Chuo Kikuu cha Duke, na mwaka 2004 akaingia Chicago Bulls. Alikaa Chicago kwa takriban miaka kumi, akateuliwa mara mbili kwenye mchezo wa nyota, 2012 na 2013. Baadaye Cleveland, Miami, Los Angeles na Minnesota. Mwaka 2012 aliichezea Uingereza kwenye Olimpiki ya London, maana nchi yake ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu.

Alistaafu 2019. Mtu wa namna hiyo angeweza kukaa Marekani akala jasho lake, na nani angemlaumu? Yeye alichukua urais wa shirikisho la kikapu la Sudan Kusini, shirikisho la nchi isiyokuwa hata na uwanja mmoja wa ndani. Januari 2020 alikuja Nairobi akiwa kocha mwenyewe. Wakafungwa na Kenya. Timu nyingine ilipokosekana, wakapewa nafasi yake, na mwaka 2021 wakafika robo fainali ya Afrika kule Kigali. Ukocha ulikuwa umeshikwa na Royal Ivey, Mmarekani aliyewahi kucheza NBA, naye Deng akabaki kwenye benchi kama msaidizi.

Hapa ndipo mhasibu anaposimama kidogo. Kwa miaka kadhaa tiketi, hoteli na kambi za timu zilitoka kwa sehemu kubwa mfukoni mwa Deng. Hakusubiri wafadhili wapatikane ndipo timu ianze. Wafadhili walikuja walipoona timu ipo.

Septemba 2023 waliifunga Angola 101 kwa 78 kwenye Kombe la Dunia, wakafuzu Olimpiki. Julai 2024 jijini London walipoteza kwa Marekani kwa pointi moja, 101 kwa 100, na wengi wetu tulikesha. Siku chache baadaye, kwenye Olimpiki yenyewe, wakaifunga Puerto Rico 90 kwa 79.

Kiomboi hatuna Deng. Tunao watu waliopanda basi pale Misigiri na begi moja, na leo wanapokea mshahara Dar, Mwanza, Dodoma na hata ng'ambo. Na tunao vijana wanaocheza kikapu juu ya udongo, mpira ukigonga kokoto unakwenda unakotaka wenyewe.

Uwanja kamili ni mita 28 kwa 15. Zege la sentimita 10 ni mita za ujazo 42, yaani karibu mifuko 300 ya saruji, bila kuhesabu mchanga, kokoto, fundi na nguzo mbili za magoli. Mchanga na nguvu kazi wenzetu wa nyumbani wamesema watatoa. Saruji ni yetu sisi wa mjini. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa nyuma. Anayejenga nyumba mwaka huu akabakiwa na mifuko miwili mitatu, atupigie kabla haijaganda.