Athumani, Othman, Osman: Nani Aliyekosea Jina?

Mtu mmoja aweza kuandikwa Athumani kwenye kadi ya kliniki, Othman kwenye cheti cha kuzaliwa na Osman kwenye pasipoti. Kompyuta ikiziunganisha rejesta hizo huona watu watatu. Dawa inayopendwa na mafundi wengi ni kuzisafisha data: huteuliwa tahajia moja, nyingine hufutwa. Hoja yangu ni kwamba usafi huo hufuta ushahidi uleule unaohitajika kumtambua mtu.

Chombo kikongwe cha kazi hii ni Soundex, kilichopewa hataza Marekani mwaka 1918. Hubakiza herufi ya kwanza ya jina, kisha konsonanti zinazofuata huzigeuza tarakimu, ili majina yanayotamkwa kwa kukaribiana yaangukie kapu moja. Mohamed, Muhammad na Mohammed hukutana vizuri kwenye M530. Athumani, kinyume chake, hupata A355, Othman O355, Osman O255. Khadija na Hadija nao huachanishwa, K320 na H320, kwa kuwa tu herufi ya kwanza haiguswi. Kanuni ilitungwa kwa sikio la Kiingereza. Haijui kwamba kh ya Kiarabu hulainika kinywani mwa Mswahili, wala kwamba Osman ni Othman wa Waturuki.

Tahajia, hata hivyo, ndiyo shida ndogo. Waswahili wengi hutaja jina lao, la baba, kisha la babu. Tuseme Athumani Juma Salehe ana mwana, Bakari Athumani Juma, na nduguye Saidi ana wake, Hamisi Saidi Juma. Programu inayolichukulia jina la mwisho kuwa la ukoo itawaweka Bakari na Hamisi nyumba moja, na Athumani itamtoa nje ya familia ya mwanawe. Hapa hakuna karani aliyekosea hata herufi moja! Kilichokosea ni kisanduku cha fomu.

Ivan Fellegi na Alan Sunter, katika makala yao ya 1969, walipendekeza kupima uzito wa kila ulinganifu: kukubaliana kwa jina adimu kuna uzito kuliko kwa jina lililoenea. Juma, kwa pwani yetu, halithibitishi mengi. Waliacha pia fungu la tatu kati ya "ni yeye" na "siye": jozi zenye shaka, za kukaguliwa na binadamu. Mkaguzi huyo hana la kukagua ikiwa maandishi ya awali yamekwisha kufutwa. Kwa hiyo kila umbo la jina libaki lilivyoandikwa, pamoja na chanzo na tarehe yake, na uamuzi wa kuliunganisha uwekwe kando.

Watakaolalamikia gharama wafikirie wagonjwa wawili waliochanganywa katika faili moja. Aliyegawanywa mara mbili huunganishwa baadaye. Hao wawili, tahajia zao zikishasawazishwa, watatenganishwa kwa alama ipi?