Aliyefia Nyumbani Alikufa kwa Nini?

Mwaka 1662 mfanyabiashara wa nguo wa London, John Graunt, alichapisha kitabu kuhusu orodha za vifo za mji wake. Waliozilisha orodha hizo habari walikuwa akina mama wazee, waliotumwa na parokia kumtazama maiti na kutaja kilichomuua. Graunt aliona kaswende karibu haimo. Wazee hao walipewa pombe na sarafu ya ziada, na marehemu wa ugonjwa huo akaandikiwa kifua kikuu.

Huku kwetu, Tanzania, kosa lilikuwa kubwa zaidi: marehemu wengi hawakuandikwa kabisa. Hospitali huhesabu waliofia wodini. Mtoto wa Rufiji aliyeshikwa na degedege usiku mara nyingi alikimbizwa kwa mganga, kwani wengi waliamini sindano ingemmaliza. Akifa, alizikwa upesi. Malaria iliyompanda kichwani ilikuwa imemwondoa, na hakuna daftari lililojua.

Mwaka 1992 Wizara ya Afya, kwa msaada wa Uingereza, ilianza kuwafuata wafiwa majumbani Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Mwaka 1998 kazi ya namna hiyo ikaanza Rufiji. Mhojaji aliacha kwanza matanga yapite, kisha akaketi na aliyemuuguza marehemu. Homa ilianza lini? Shingo ilikakamaa? Alipumua kwa shida? Majibu yalisomwa na madaktari wawili, kila mmoja peke yake; wasipopatana, aliitwa wa tatu.

Ndipo ilipobainika kuwa malaria ilibeba takribani 30% ya miaka ya maisha iliyopotea Morogoro, na bajeti ya afya ya 1996 ilikuwa imeitengea takribani 5%. Siwalaumu maafisa wa wilaya. Mtoto asiyeandikwa popote angewadai vipi dawa?

Miaka hiyohiyo UKIMWI ulikuwa unaua, na aibu ya London ikawa yetu. Ndugu walisema amerogwa, au ni kifua tu. Fomu ya mhojaji haikubishana nao, wala haikuwalazimisha kutaja jina la ugonjwa. Iliuliza alivyougua: alikonda? Aliharisha zaidi ya mwezi? Alitoka mkanda wa jeshi? Mama aliyeapa kutolitamka jina lile aliweza kujibu haya yote, maana ndiye aliyekuwa akimwogesha.