Rubani moja, leseni mbili: ilitoka wapi?

Bandugu, sisi wote tunajua shida ya kutafuta ekivalansi ya diplomi. Marubani nao wako na yao, na ilianza zamani.

Tarehe 7 Desemba 1944, kule Chicago, mataifa yalitia sahihi mkataba wa usafiri wa anga. Kifungu cha 32 kinasema: rubani wa ndeke inayovuka mipaka awe na leseni iliyotolewa ao kukubaliwa na nchi ambamo ndeke imeandikishwa. Kwa hiyo hawaangalii kwanza pasipoti yake. Wanaangalia herufi za ubavuni mwa ndeke: G ni Uingereza, EI ni Ireland.

Umoja wa Ulaya ulipunguza hizo karatasi. Leseni moja, chini ya sheria za EASA, ilitosha kwa ndeke za nchi zote za Umoja. Tena kushika mbili za aina moja kulikatazwa.

Halafu Uingereza ikatoka. Tangu 1 Januari 2021, leseni ya Uingereza haikuruhusu tena kurusha ndeke ya EI. Uingereza yenyewe ilikubali leseni za Ulaya mpaka mwisho wa 2022. Ulaya haikurudisha hiyo zawadi. Wenye akili ya mbele walikuwa wamehamisha leseni zao Ireland ao Austria, kisha wakaomba tena ya Uingereza. Waliochelewa? Mitihani ya nadharia upya, vipimo vya afya, na kurusha mbele ya mkaguzi. Mutu aliyezeeka angani anarudi kwenye kiti cha mwanafunzi!

Leo wengi wanatembea na zote mbili, kila moja na malipo yake.