Kimetoka Wapi, kwa Jasho la Nani? Mvita na Somo la Chakula

Msafiri Ibn Battuta alipofika Mombasa, yaani Mvita, mwaka 1331, alikuta kisiwa kisicholima nafaka. Nafaka, aliandika, ililetwa na vyombo kutoka pwani ya bara. Chakula cha wenyeji kilikuwa hasa ndizi na samaki, na miongoni mwa matunda alitaja ndimu, machungwa na tunda tamu lenye kokwa mfano wa zeituni. Hilo ni zambarau, lile lile ambalo mpaka leo huwarudisha watoto wa mtaa wa Kibokoni nyumbani na ndimi za rangi ya wino. Tangu wakati huo, karibu miaka 700, kisiwa kimekuwa kikila jasho la watu wa mahali pengine. Kwa sababu hiyo ni vigumu kupata mji unaofaa zaidi kumfundisha mtoto chakula chake kimetoka wapi, na aliyekilima alipata nini.

Swali la kwanza ni jepesi, maana vithibitisho vimejaa jikoni. Vasco da Gama alipotia nanga nje ya kisiwa Aprili 1498, mfalme wa Mombasa alimpelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Miwa na machungwa hayo asili yake ni Asia, kama zilivyo ndizi na nazi. Yalikuwa yamekwisha kuzoea udongo wa pwani karne nyingi kabla Mreno hajaijua njia. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha, na Bandari ya Kale ikapokea tende na kutoa boriti.

Wareno, walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, walifungua mlango mwingine. Mahindi, muhogo, nanasi, papai, korosho na pilipili, vyote asili yake ni Amerika, vikaingia Afrika katika enzi ya safari zao. Mwalimu anayetaka kulieleza hili darasani hahitaji ramani kubwa, anahitaji sahani ya viazi karai. Kiazi asili yake ni milima ya Andes, bizari ya manjano ni ya Asia, pilipili ni ya Amerika, na ukwaju wa kuchovya ni mti wa Afrika hii hii. Mabara matatu yamekutana kwenye karai moja kando ya barabara.

Somo likiishia hapo, litakuwa limesimulia nusu ya habari. Katika karne ya 19 mashamba ya Malindi, Takaungu na bara ya Mombasa yalitoa mtama, ufuta na nazi kwa wingi, na sehemu ya mavuno hayo ilipakiwa kwenda Uarabuni. Waliolima na kuvuna wengi wao walikuwa watumwa. Mwaka 1875 wamishonari wa Kiingereza walianzisha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa, iwe makazi ya walioachwa huru, na kengele yake ndiyo iliyoipa jina Kengeleni ambako matatu za Kisauni hupita kila siku. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika ukanda wa pwani mpaka 1907. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Kwa muda mrefu hapa petu aliyechumia juani alikuwa mmoja, na aliyelia kivulini mwingine.

Kahawa nayo ina habari kama hiyo. Mji wa Kale ulikuwa ukinywa kahawa chungu muda mrefu kabla mkahawa haujapandwa nchini. Wamishonari wa Kifaransa waliupanda Bura, huko Taita, mwaka 1893, kisha ukaenea nyanda za juu. Lakini serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kuulima, ili zao hilo na vibarua wake vibaki kwa walowezi. Ruhusa ndogo ilianza kutolewa miaka ya 1930 katika maeneo kama Meru na Kisii, na mlango ukafunguliwa hasa baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa 1954. Mtoto anayemwona muuza kahawa akipita na dele lake na kashata za karanga anaweza kuambiwa hayo hapo hapo, kikombe kikimiminwa.

Chai inasogeza somo karibu zaidi, kwa kuwa bei yake hupangwa kisiwani humu. Mche wa kwanza ulipandwa Limuru mwaka 1903, na tangu 1964 wakulima wadogo wamekuwa chini ya shirika la chai la KTDA. Mnada ulihamishwa kutoka Nairobi kuja Mombasa mwaka 1969, na sasa huuza kwa dola chai ya Kenya, Uganda, Rwanda na nchi nyingine jirani. Mkulima wa Kericho au Nyeri hulipwa kidogo kila mwezi kwa kila kilo ya majani mabichi, kisha husubiri bonasi ya mwaka. Bonasi hiyo hutegemea wanunuzi walivyoshindana Mombasa, mji ambao huenda yeye hajawahi kuutia machoni.

Karafuu ndiyo inayofundisha vizuri zaidi maana ya bei ya haki. Kwa miaka mingi serikali ya Zanzibar ndiyo iliyokuwa mnunuzi pekee halali, na mkulima wa Pemba alipewa sehemu ndogo ya bei ya dunia. Matokeo yake yalijulikana pwani nzima: magunia yalivushwa usiku kwa mashua kuja Shimoni na Mombasa, ambako mnunuzi alitoa zaidi. Doria na adhabu hazikuyamaliza magendo. Mwaka 2011 serikali ilibadili mkondo, ikapandisha bei na kuahidi kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia.

Kwenye suala hilo la bei ya haki ndipo chokoleti inapoingia. Kakao ya Bundibugyo, magharibi ya Uganda, hushushwa kwa malori mpaka bandari ya Kilindini, ikapakiwa kwenda ng'ambo, nayo chokoleti hurudi dukani ikiwa na jina la kigeni. Historia yake ina doa pia. Mwaka 1909 kampuni za Kiingereza, Cadbury ikiwamo, ziliacha kununua kakao ya São Tomé baada ya kuthibitika kwamba ililimwa na watumwa kutoka Angola waliopewa jina la vibarua. Mwaka 1988 Waholanzi walianzisha alama ya Max Havelaar kwenye kahawa ya wakulima wa Mexico, nayo ikawa mwanzo wa alama za biashara ya haki: bei isiyoshuka chini ya kiwango, na fedha ya ziada ambayo wakulima huamua wenyewe waitumieje. Nchini Ghana chama cha Kuapa Kokoo, kilichoundwa 1993, kilikwenda mbali zaidi. Wakulima wake wakawa wenye hisa katika kampuni ya chokoleti Uingereza, na mwaka 2000 ikatolewa Dubble, chokoleti iliyokusudiwa watoto wa huko wapate kumjua anayelima kakao. Alama si dawa ya kila kitu, kwani kakao nyingi duniani huuzwa bila hiyo, na utafiti uliotolewa 2020 ulikadiria kuwa watoto milioni 1.56 walifanya kazi katika mashamba ya kakao ya Ghana na Côte d'Ivoire.

Mtaala wa umilisi unamtaka mwanafunzi ajifunze kwa kutenda, na Mvita inampa pa kutendea. Darasa linaweza kuanzia Ngome ya Yesu, likapita Ndia Kuu hadi Bandari ya Kale, likamalizia Marikiti kwenye magunia ya viungo. Wakirudi shuleni waigize mnada wa chai, kisha wagawane shilingi mia kati ya mkulima, dalali, mwenye meli, kiwanda na duka, kila mmoja aitetee sehemu yake. Chuo cha Kurani nacho kina pa kuanzia tayari: Al-Mutaffifin, sura inayowaonya wanaopunja vipimo, imo katika Juzuu Amma ambayo watoto huihifadhi mapema.

Vitabu vya ughaibuni huanza na chokoleti kwa kuwa ndiyo mtoto wa huko anayoijua. Wetu waanze na karafuu na kahawa, kisha waende kwenye kakao. Aliyeelewa kwa nini mashua za Pemba zilivuka usiku hatashindwa kuelewa kwa nini mkulima wa Ghana alitaka hisa katika kiwanda.